Kiharusi cha shina la ubongo: mgonjwa anapohisi mambo yasiyo ya kawaida

Wengi wetu tunakijua kiharusi kwa mdomo kwenda upande, mkono kulegea na maneno kutoeleweka. Lakini kiharusi kinaweza pia kushika shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Hapo mgonjwa anaweza kubaki na nguvu za mikono na miguu, huku akieleza mambo ya ajabu. Usidhani anadeka au amerogwa. Msikilize.

Anachoweza kukueleza

- Hasikii joto, baridi wala maumivu upande mmoja wa uso, na upande wa pili wa mwili. Mfano, uso kulia, mkono na mguu kushoto. Hii ni kwa sababu neva za mwili zinazobeba hisia hizo zimeshavuka upande wa pili kabla ya kufika hapo, za uso bado. Ukimgusa, mara nyingi anajua umemgusa.
- Chumba kinazunguka au kimeinama, au anaona vitu viwili viwili.
- Ana kwikwi isiyokoma, sauti imekauka, chakula kinampalia.

Dalili zikianza ghafla

Mpeleke hospitali mara moja, hata zikipungua. Kumbuka muda zilipoanza: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza. Akitapika, mlaze ubavu.

Akirudi nyumbani

- Pima maji ya kuoga wewe mwenyewe kwa kiwiko. Mgonjwa anaweza kuungua asijue.
- Asipike peke yake. Kagua ngozi yake kila siku, hasa nyayo.
- Mlishe akiwa amekaa wima, tonge dogo dogo. Akikohoa au sauti ikiwa kama ina maji, acha, umjulishe mhudumu wa afya.
- Wiki au miezi baadaye, sehemu yenye ganzi inaweza kuanza kuwaka moto. Maumivu hayo ni ya kweli, na dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazisaidii. Mrudishe kliniki, zipo dawa za maumivu ya neva.
- Asiache dawa za presha au kisukari alizoandikiwa, hata akijisikia vizuri.