Taa za Sambaza

Samaki aliyeleta taa kwenye mitumbwi ya Ziwa Kivu ni mgeni. Kati ya 1958 na 1960, Collart, mtaalamu wa uvuvi kutoka Ubelgiji, alisafirisha vifaranga vya dagaa toka Ziwa Tanganyika na kuvitia Kivu, ambako katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa maana. Aina mbili zililetwa. Moja ilitoweka, ya pili, Limnothrissa miodon, ikazaana. Mjini Goma, kando ya ziwa hilo, watu humwita sambaza.

Samaki alitangulia, ujuzi wa kumvua ukafuata. Kule Tanganyika wavuvi walimvua kwa moto tangu zamani: kuni zikiwaka kwenye omo, dagaa wakikusanyika, wakachotwa kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Miaka ya 1950 taa za presha zilishika nafasi ya moto. Kivu zilienea hasa baada ya 1979, mradi wa FAO ulipoanza Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Tangu hapo chombo ni kilekile: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa chini yake na kuinuliwa.

Mwanga hapa ni chambo. Kuanzia mita 60 au 70 hivi maji ya Kivu hayana oksijeni. Huko chini ni kaboni dioksidi na methani, kwa hiyo sambaza hana pa kukimbilia. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula, akakuta taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza mvuto wake na mavuno hushuka.

Taa iliyotawala ilikuwa Petromax, ya Max Graetz wa Berlin, pamoja na nakala zake. Ilikuwa na mwanga mkali na tabia mbaya. Tone la maji likirukia kioo cha moto, kioo kilipasuka. Utambi wake wa kitambaa, ukishaungua mara ya kwanza, ulibomoka kwa mtikisiko mdogo. Na mafuta yaliteketea usiku kucha, samaki wapatikane wasipatikane.

Umeme wa mji wa Goma haukuwasaidia wavuvi. Bwawa la umeme la Ruzizi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kituo cha Matebe kilizinduliwa Desemba 2015, lakini hakuna nguzo inayosimama ziwani. Kilichofika majini ni betri, balbu za LED na paneli za sola.

Kazi ya fundi sasa ni hii. Balbu huungwa sambamba, kila moja ipate volti 12 kamili, na moja ikifa nyingine ziendelee kuwaka. Zikiungwa mfululizo hugawana volti na kufifia. Balbu nne za wati 10 huvuta ampea 3.3 hivi. Kwa saa 10 za uvuvi hizo ni ampea-saa 33, na kwa kuwa betri ya risasi hufa mapema ikizoeshwa kumalizwa kupita nusu, inatakiwa ya ampea-saa 70. Viungo vya nyaya huzibwa maji yasipenye, na betri hukaa ndani ya sanduku lililofungwa imara, mbali na maji yanayotuama chini ya mtumbwi.

Kisha fyuzi, kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Waya ukichunika na kugusana na mwenzake, betri ya volti 12 ina nguvu za kutosha kuwasha moto juu ya mbao. Katika vifaa vyote hivyo fyuzi ndiyo ya bei ndogo, na mtumbwi usiokuwa nayo haujamalizwa kufungwa umeme.