Hero of Waterloo: mawe yalibaki, majirani wakahamishwa

Mwezi huu zamu ya historia ni yangu. Hapa kambini kila siku tunaulizana habari za Australia, maana kuna familia zilishaenda huko kwa mpango wa nchi ya tatu na nyingine bado zinasubiri simu. Tunauliza mshahara, tunauliza shule, tunauliza kama kuna baridi. Historia ya pale hatuulizi. Basi leo nawaletea jengo moja tu, liko Sydney, kwenye mtaa unaoitwa Millers Point karibu na bandari. Ni jengo la baa, lakini msiondoke, habari yake inatuhusu.

Baa hiyo inaitwa Hero of Waterloo, yaani shujaa wa Waterloo. Shujaa mwenyewe ni Duke of Wellington, jenerali wa Uingereza aliyempiga Napoleon mwaka 1815. Ilijengwa na mwashi mmoja, George Paton, mwaka 1843 na 1844, ikapata leseni ya kuuza pombe 1845. Zamani baa kama hizo zilikuwa pia gesti: baharia anashuka melini, anakula, anakunywa, analala. Iko kwenye kona ya barabara mbili, Lower Fort Street na Windmill Street, na kona yenyewe ni kali, kwa hiyo jengo limechongoka mbele kama pembetatu. Hatua chache kutoka hapo kuna baa nyingine ya mawe, Lord Nelson, ambayo ilianza kama nyumba ya mtu mwaka 1836 na kupata leseni 1841. Mpaka leo wapenzi wa hizo baa wanabishana ipi ni ya zamani zaidi.

Sasa tuangalie hayo mawe. Sydney imekaa juu ya mwamba wa mchanga, lile jiwe ambalo ukilichimba ni laini na lina rangi kama ya asali, halafu likikaa hewani linakuwa gumu. Kwenye kuta za Hero of Waterloo bado unaona alama za tindo, mstari kwa mstari. Kila mstari ni mkono wa mtu.

Na mikono mingi ya Sydney ya wakati ule ilikuwa ya wafungwa. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha kwa meli wafungwa kama 160,000 kuwapeleka Australia. Wengi kosa lao lilikuwa wizi, na mara nyingi wizi mdogo tu. Wengi wao hawakurudi kwao tena. Mwaka huohuo wa 1843 ambao Paton alianza kujenga, wafungwa wenye minyororo walianza kukata mwamba mzima hapo karibu ili barabara ipite katikati. Barabara hiyo inaitwa Argyle Cut. Waliianza kwa sururu na nyundo, kazi ikawashinda, ikaja kumalizwa 1859 kwa baruti na vibarua wa kulipwa. Watu wa mtaa husimulia kwamba mawe ya baa yalitoka kwenye shimo hilo.

Kuna hadithi nyingine ambayo wageni wanaipenda zaidi. Wanasema chini ya baa kuna njia ya siri iliyokwenda mpaka baharini. Kijana akilewa, sakafu inafunguka, anaanguka kwenye stoo ya chini, akiamka yuko ndani ya meli katikati ya bahari, amekuwa baharia kwa nguvu. Sijui watalii wanacheka nini kwenye hadithi hiyo. Sisi tunajua vijana waliolala nyumbani wakaamka wamebebeshwa mizigo ya watu wenye bunduki.

Lakini kabla ya mfungwa na mwashi kulikuwa na wenyewe. Ardhi ile ni ya watu wa Gadigal. Walivua samaki na kula chaza kwenye ile bahari kwa maelfu ya miaka, na juu ya miamba ya mchanga ya Sydney bado kuna michoro ya mababu: samaki, nyangumi, watu. Meli za kwanza za Uingereza zilifika Januari 1788. Mwaka uliofuata, 1789, ndui ikaingia na kuua watu wengi mno wa pwani ile, inakadiriwa nusu yao au zaidi. Halafu kuna jambo hili ambalo limenikaa kichwani. Ili mawe yashikane unahitaji chokaa. Katika miaka ya mwanzo ya koloni chokaa ilipatikana kwa kuchoma magamba ya chaza, na magamba mengi yalizolewa kwenye malundo waliyoacha wenyeji baada ya kula, kizazi hadi kizazi. Yaani mabaki ya meza ya mwenyeji yakawa gundi ya nyumba ya mgeni. Hao ndio watu wa kwanza kuondolewa.

Mara ya pili ilikuja na ugonjwa. Millers Point ulikuwa umeshakuwa mtaa wa makuli wa bandarini, mabaharia, wake zao na watoto. Januari 1900 tauni iliingia Sydney. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana aliishi mtaa huohuo na alifanya kazi ya kubeba mizigo kutoka gatini. Mwaka ule watu 303 waliugua na 103 wakafa. Serikali ikafunga sehemu za mtaa kwa vizuizi, watu hawatoki, kazi hakuna. Wagonjwa na waliokaa nao wakapelekwa kwa mashua kwenye karantini ya North Head. Panya wakasakwa kwa malipo. Kisha serikali ikachukua mtaa mzima, nyumba, maghala na magati, na 1901 ikaundwa mamlaka ya bandari kuusimamia. Nyumba nyingi zilibomolewa. Baadaye likajengwa daraja kubwa la Sydney, lililofunguliwa 1932, na mtaa mmoja mzima jirani, Princes Street, ukafutika.

Hata hivyo waliobaki walishika. Mwenye nyumba sasa alikuwa serikali, wao wapangaji, lakini mtoto alirithi nafasi ya baba kazini na mara nyingi hata chumba cha kupanga. Vizazi vitatu, vinne. Kila mtu alimjua mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilipotaka kubomoa eneo la jirani, The Rocks, ili kupandisha magorofa marefu ya ofisi, wakazi waliomba msaada kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi, kilichoongozwa na Jack Mundey. Wale mafundi wakasema hawabomoi. Hebu fikiria, fundi anakataa mshahara ili nyumba ya maskini ibaki. Mgomo wa namna hiyo ukaitwa marufuku ya kijani. Mwaka 1973 polisi waliwakamata waandamanaji wengi, Mundey mwenyewe akiwemo. Lakini sehemu kubwa ya eneo ilipona, na likajengwa jengo la Sirius, fleti 79 za wakazi waliokuwa wanapoteza makazi.

Mwaka 1999 Hero of Waterloo na Lord Nelson ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ya jimbo la New South Wales. Mtaa wenyewe pia ukaorodheshwa, na sababu mojawapo iliyoandikwa ni kwamba ni mtaa unaoishi, wenye jamii yake ya tangu zamani. Kumbukeni hilo neno, jamii.

Machi 2014 serikali ya jimbo ikatangaza kuuza nyumba 293 za umma za Millers Point na majirani zake, pamoja na lile jengo la Sirius. Wapangaji wote wahame. Hoja yao haikuwa ya kijinga, tuwe wakweli. Walisema nyumba za urithi ni ghali kukarabati, zipo kwenye ardhi ya bei kubwa mno, na pesa yake ingejenga nyumba nyingi zaidi kwa maskini wengine waliokuwa kwenye foleni. Sisi tunaojua foleni hatuwezi kuicheka hoja hiyo. Lakini angalia ilivyogeuka: orodha iliyosifu jamii ya pale ndiyo iliyofanya ukarabati uwe ghali, na ughali ndio ukawa sababu ya kuiondoa jamii. Wazee wa miaka themanini, waliozaliwa pale, wakapewa barua. Walipinga miaka kadhaa, na nyumba chache zikatengwa kwa wazee. Wengine karibu wote walishaondoka kufikia 2018.

Leo ukienda Hero of Waterloo utakuta kuta ziko vilevile. Sheria inazilinda, huwezi kung'oa jiwe bila kibali. Bia ipo, muziki upo. Anayekosekana ni jirani wa kuja jioni na kusema, babu yangu alikaa kiti kile.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Urithi unaoandikwa kwa jengo unalinda jengo. Watu wasipoandikwa kwa majina yao na haki zao, wanaweza kuondolewa hata kama jengo limependwa na dunia nzima. Sasa sisi hata jengo la mawe hatuna. Nakivale imepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, Kakuma tangu 1992, Nyarugusu tangu 1996. Tumejenga kwa udongo na turubai. Siku kambi ikifungwa mvua mbili zinatosha, hutaona alama ya tindo mahali popote.

Kwa hiyo orodha yetu itakuwa ya maneno. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mna daftari za visima, vyoo na madarasa, tarehe na gharama zote zimo. Ongezeni safu moja tu: nani walichimba, nani walifyatua matofali. Na sisi vijana tuanze na wazee wa bloku zetu. Nani alifika wa kwanza? Kanisa la kwanza, msikiti wa kwanza, soko la kwanza vilikuwa wapi, na nani alikata miti? Simu unayo, rekodi dakika kumi. Na ukibahatika kufika Sydney, panda Argyle Street uguse ule mwamba. Uliokatwa na watu waliohamishwa kwa nguvu, kwenye ardhi ya watu walioondolewa, na hakuna hata jina moja lao kwenye lile jiwe.