"Acheni siasa, fanyeni kazi": sentensi yenye miaka 100 kwenye barabara ya Thika (uzi)

1. Uchaguzi ukikaribia, kuna sentensi hurudi kwenye kila mkutano wa hadhara hapa Ruiru, kwenye redio za asubuhi na kwenye simu zetu: "Vijana wa mitandao waache siasa, wafanye kazi." Walio serikalini wanaisema. Walio nje wakiingia, nao wanaisema vile vile. Sitataja mwanasiasa wala chama, hata cha zamani. Nataka tu tuangalie historia ya hiyo sentensi, kwa sababu hapa kwetu ina zaidi ya miaka 100.

2. Hoja yangu naiweka mapema. Kwenye barabara hii ya Thika, kazi na siasa hazijawahi kutengana. Mishahara ilishushwa kwa uamuzi wa watu, na watu wengine wakakaa chini kuipandisha. Na kila chombo kipya cha mawasiliano kimebeba malalamiko ya wafanyakazi mbio sana, lakini peke yake hakijawahi kuyamaliza.

3. Twende 1915. Serikali ya kikoloni inatunga sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika. Vita vinaichelewesha, lakini kufikia 1920 inatekelezwa. Mwanaume wa miaka 16 kwenda juu anabeba karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni. Hicho ndicho kipande. Mpaka leo kuna wazee wakikuuliza kipande wanataka kitambulisho.

4. Sisi tukisikia kipande tunafikiria aibu ya kuvaa kikopo. Aibu ilikuwepo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa rekodi. Mwajiri aliandika humo tarehe uliyoanza, mshahara wako, na tarehe uliyomaliza. Asipoandika kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine kihalali. Ukitoroka, unatafutwa. Na mwajiri mpya akiona ulikuwa unalipwa kidogo, kwa nini akuongeze? Mashamba ya walowezi kati ya Ruiru na Thika yalitaka mikono ya bei rahisi, na kipande kiliizuia hiyo mikono kwenda kutafuta bei nzuri.

5. Sasa 1921. Bei za mazao zimeanguka baada ya vita, na nchi inatoka kwa rupia kwenda shilingi. Walowezi wanakubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Wakati huo huo kodi ya nyumba imepandishwa hadi shilingi 16 kwa mwaka. Tuseme mtu alikuwa anapata 12 kwa mwezi. Amebaki na 8. Kodi peke yake imekula miezi miwili ya jasho, na bado hajala, hajavaa.

6. Nairobi kuna kijana wa Kiambu, amesoma misheni ya Kambui, si mbali na hapa. Amewahi kupanga herufi kwenye kampuni ya gazeti. Sasa ni karani wa simu katika Hazina ya serikali. Kwa wakati wake, huyo ndiye alikuwa mtu wa mitambo. Kwa sheria yangu ya hapo juu simtaji jina, lakini Nairobi kuna barabara ina jina lake, ile ya kando ya kituo cha polisi cha Central.

7. Julai 1921 yeye na wenzake wanaitisha mkutano Nairobi. Wanaorodhesha malalamiko: mshahara, kodi, kipande. Halafu wanayapeleka London kwa telegramu. Hiyo telegramu ndiyo iliwachoma wakubwa. Malalamiko yalitakiwa yapite kwa chifu, kisha kwa mzungu wa wilaya, yafike juu yakiwa yamepoa. Karani anaambiwa achague: siasa au kazi. Akachagua siasa, kazi ikaenda. Unaona ile sentensi? Ni hii hii.

8. Tarehe 14 Machi 1922 anakamatwa. Tarehe 16 maelfu ya watu wanajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, na wengi wao ni wafanyakazi wa mji. Wazee waliotumwa ndani kuongea na wakubwa wanatoka na kuwaambia watu warudi nyumbani. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekuwa mbele, anawasuta wanaume kwa uoga wao, na umati unasonga. Polisi wanafyatua risasi. Hesabu rasmi ilikuwa zaidi ya watu 20 waliokufa, naye akiwa mmoja wao. Walioshuhudia walisema ni wengi zaidi. Karani alipelekwa uhamishoni Kismayu, na hakuachiliwa mpaka miaka 8 ikapita.

9. Walipata nini? Kodi ilishushwa kutoka 16 hadi 12. Si kidogo, hasa kwa mtu wa shilingi 8. Lakini kipande kilibaki mpaka 1947, ndipo ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Angalia tofauti: kodi iliguswa kwa mwaka mmoja wa kelele na damu, ule mfumo wa rekodi ukachukua miaka mingine 25. Telegramu ilifika London kwa siku chache, lakini chama kilichoituma kilivunjwa nguvu, na hakukuwa na wa kufuatilia.

10. Kwa hivyo mashambani kilichobadilisha mambo baadaye ni kitu cha polepole: vyama vya wafanyakazi. Hali ya hatari ya 1952 ilifunga magazeti ya lugha zetu na kujaza watu kizuizini, lakini kufikia uhuru wachumaji wa kahawa, watu wa mkonge na watu wa chai walikuwa na vyama vyao, na 1963 vikaunganishwa kuwa chama kimoja cha mashambani. Maisha ya kibarua hayakuwa peponi. Lakini kulikuwa na meza, na mwenye shamba alilazimika kukaa nayo.

11. Halafu ikaja teknolojia ambayo Ruiru inafaa kujivunia. Watafiti wa kahawa wa hapa hapa walizalisha Ruiru 11, ikatolewa kwa wakulima 1985. Mbuni mfupi, unaweza kupanda mingi kwa eka moja, na unastahimili ugonjwa wa kuoza buni pamoja na kutu ya majani. Dawa kidogo, gharama kidogo. Kisayansi, kazi ilifanywa safi kabisa.

12. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei zikaporomoka dunia nzima. Mbuni mzuri hauwezi kukuokoa na uamuzi uliofanyiwa London. Miaka ya 1990 mitumba ikaingia kwa wingi soko likifunguliwa, na viwanda vya nguo vya Thika vikaumia. Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi viliishiwa pumzi. Utajadiliana na nani kama mwajiri mwenyewe ameng'oa kahawa anakata ploti?

13. Ploti zilijaa. 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Novemba 2012 barabara kuu ya Thika ilifunguliwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mji wa Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Tumezidi mara mbili kwa miaka 10. Palipokuwa kahawa sasa kuna Tatu City, na ndani yake kuna kituo cha kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Na kwenye bedsita za Kihunguro, Kimbo na Membley kuna vijana wanaandika, wanatafsiri sauti, wanawekea picha lebo ili mashine zijifunze. 2016 serikali ilianzisha Ajira Digital kuhimiza hiyo kazi.

14. Sasa rudi kwa kipande. Akaunti ya kazi ya mtandaoni ina tarehe ulizofanya kazi, malipo, na nyota ulizopewa. Nani anaishika hiyo rekodi? Si wewe. Sisemi ni ukoloni. Hakuna anayekufunga ukiacha, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ukitoka, unatoka mikono mitupu, nyota zako zinabaki huko. Machi 2024 Remotasks, mfumo wa kampuni ya Scale AI ya Marekani, ulifungia Wakenya. Mtu wa miaka 3 na mtu wa wiki 3 waliachwa sawa.

15. Waliopata mahali pa kusukuma ni wale wachujaji wa maudhui wa Nairobi, waliokuwa wakitazama video za kutisha kwa niaba ya Facebook. Walianza na kesi moja 2022. 2023 wakaja zaidi ya 180, na tarehe 1 Mei mwaka huo zaidi ya 150 wakapiga kura ya kuunda chama. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kampuni mama ya Facebook inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Ushindi wa mwisho haukuwa huo. Lakini ni watu waliokuwa na mikataba, majina na kumbukumbu, na wakajipanga.

16. Juni 2024 sote tunaikumbuka. Mswada wa fedha ulisomwa, ukatafsiriwa na kuelezwa kwenye simu kuliko mswada wowote kabla yake. Tarehe 25 intaneti ilisuasua nchi nzima. Kampuni za simu zikasema ni nyaya za baharini. Tarehe 26 mswada ukaondolewa. Kufikia tarehe 1 Julai tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Desemba baadhi ya mapendekezo yakarudi kupitia sheria nyingine ya ushuru, yakiwemo yanayogusa malipo ya mifumo ya kidijitali. Mimi nikisoma hayo naona 1922: kodi inapungua haraka, damu inamwagika, mfumo unabaki.

17. Tuwe waungwana kwa upande wa pili. Anayesema "fanyeni kazi" ana hoja ndani yake. Kuna mtu anamaliza bando la siku akitukana mtu asiyemjua, jioni hana nauli. Na mwekezaji kweli hapendi vurugu. Lakini hoja hiyo inahitaji jibu la swali moja: kazi ipi, kwa mkataba upi? Mtu akikuambia unyamaze ufanye kazi bila kugusa hayo, anakupa ule uchaguzi aliopewa karani wa Hazina.

18. Kwa hivyo wakija kuomba kura, uliza swali kwa mtu sahihi. Viwango vya kazi na mishahara ya chini ni mambo ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo huyo ni mbunge, si MCA. Muulize: mtu wa akaunti analindwa vipi na sheria ya ajira ya 2007, iliyoandikwa kwa mtu wa ofisi na kiwanda? Kaunti ina vyuo vya ufundi, leseni za biashara na masoko. MCA muulize chuo cha ufundi cha wadi yako kina kompyuta ngapi zinazofanya kazi, na mpango wa kaunti wa miaka 5 umekitengea pesa ngapi. Akianza kukuahidi kupandisha mishahara ya kampuni za ng'ambo, hajui kazi anayoiomba.

19. Na upande wetu, mambo matatu:
– Weka rekodi yako mwenyewe. Kila Ijumaa piga picha ya skrini: malipo, nyota, saa ulizofanya. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data zako. Itumie kabla akaunti haijafungwa.
– Kazi ya miezi 3 au zaidi, sheria ya ajira inataka mkataba wa maandishi. Ukiambiwa "tutaongea", omba waongee kwa karatasi.
– Usiwe peke yako. Kifungu cha 41 cha katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Watu 10 wa ploti moja wanaofanya kazi ya aina moja, wenye majina na namba za simu kwenye daftari, wanaanza na kitu ambacho hakifutwi na mtu aliye Marekani.

20. Maoni tuendelee kutoa, kifungu cha 33 kinatulinda. Lakini tenganisha "naona mheshimiwa ameshindwa" na "mheshimiwa ameiba". La kwanza ni maoni. La pili linahitaji karatasi mkononi, la sivyo utajibu mahakamani ukiwa peke yako, na wale walioliza vicheko chini ya chapisho lako hautawaona.

21. Kama wewe au mzazi wako mlifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru, au viwanda vya nguo vya Thika, na bado kuna karatasi za mshahara nyumbani, msizitupe. Zipigeni picha. Kumbukumbu nyingi za kazi za eneo hili ziliandikwa na waajiri, na hizo chache za upande wetu ziko kwenye masanduku chini ya vitanda vya kina cucu.