Leseni Yake Ilikuwa Halali

Wakenya tukisikia stori ya daktari hatari kwenye habari za saa moja, akili inakimbia moja kwa moja kwa daktari feki. Yule msee wa kliniki ya mtaani, koti jeupe, cheti cha kuchapishwa River Road, sindano moja inatibu kila kitu. Tunamcheka mtandaoni siku mbili, tunauliza serikali ilikuwa wapi, halafu tunasonga.

Leo nataka tuongee kuhusu daktari wa aina nyingine. Huyu hakuwa feki. Alisomea udaktari Leeds, Uingereza, akasajiliwa, leseni ikawa safi kabisa, na wagonjwa walimpenda. Alienda kuwaona nyumbani, alikumbuka majina ya watoto wao. Anaitwa Harold Shipman, na tume iliyochunguza kazi yake ilisema aliua wagonjwa wasiopungua 215.

Najua unajiuliza, hiyo ya Uingereza inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu mfumo wetu wa kusajili madaktari tuliurithi kutoka huko, na kwa sababu stori ya Shipman ndiyo iliyofanya nchi nzima ijiulize swali ambalo sisi bado tunalikwepa: ni wakati gani unamwambia daktari asimame kando?

Orodha moja, na mlango mmoja wa kutokea

Kabla ya 1858, Uingereza ilikuwa soko huria la matibabu. Aliyesoma miaka mingi na aliyejifunza juzi kwa mjomba wake wote walijiita madaktari, na mgonjwa hakuwa na njia rahisi ya kuwatofautisha. Sheria ya mwaka huo ikaunda baraza la madaktari, ambalo leo tunalijua kama GMC, na kulipa kazi ya kutunza rejista. Jina lako likiwa humo, wewe ni daktari anayetambulika. Ukifanya jambo la aibu kubwa kikazi, jina linafutwa.

Iko poa, si ndiyo? Shida ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100, kufuta jina ndiyo ilikuwa silaha pekee ya maana. Fikiria shule ambayo mwalimu mkuu ana adhabu mbili tu: kukukaripia au kukufukuza kabisa. Unadhani atafukuza wangapi? Wengi wataishia kukaripiwa, hata wale ambao darasa zima linawaogopa. Nguvu ya kumsimamisha daktari kwa muda ilikuja na sheria ya 1969. Ile ya kumwekea masharti, yaani endelea kufanya kazi lakini usiguse dawa fulani, au fanya kazi chini ya usimamizi wa mwenzako, pamoja na kamati ya kushughulikia madaktari ambao ni wagonjwa wenyewe, ilikuja na sheria ya 1978.

Kumbuka huo mwaka wa 1978. Shipman alifika mbele ya baraza kabla yake.

Barua ya onyo

Katikati ya miaka ya 1970, Shipman alikuwa daktari kijana kwenye mji mdogo wa Todmorden. Wenzake wa kliniki wakagundua kwamba alikuwa anaandika dawa ya pethidini kwa majina ya wagonjwa, halafu anajidunga mwenyewe. Pethidini ni dawa kali ya maumivu, na ni rahisi kuizoea vibaya. Alipelekwa kortini, mwaka 1976 akapigwa faini ya pauni 600 kwa kughushi na kujipatia dawa kwa udanganyifu, na akapata matibabu.

Baraza likaletewa faili. Mbele yao kulikuwa na daktari aliyekiri, aliyetibiwa, ambaye madaktari wa akili walimtetea. Wakaamua kutomfungulia mashtaka ya nidhamu. Wakamtumia barua ya onyo.

Kwa haki, hakuna aliyejua kwamba wanamwandikia muuaji. Hata mimi naamini mtu aliyenaswa na uraibu anastahili nafasi ya pili. Lakini angalia kilichokosekana. Hakuna sharti hata moja lililomzuia kushika dawa kali tena. Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kufuatilia anaagiza dawa gani na kiasi gani. Mwaka 1977 akapata kazi mji wa Hyde, karibu na Manchester, na mwaka 1992 akafungua kliniki yake peke yake, bila daktari mwenzake wa kumwangalia. Dawa aliyoitumia kuua ilikuwa diamofini, dawa ya maumivu ambayo mtaani inaitwa heroini. Ni jamaa wa ile pethidini.

Nafasi ya pili alipewa. Ulinzi wa wagonjwa wake haukuambatana nayo.

Waliona, lakini

Sehemu inayoniuma zaidi ni mwaka 1998. Madaktari wa kliniki jirani walikuwa wanaombwa kutia sahihi fomu za kuchoma maiti za wagonjwa wa Shipman. Fomu zikawa nyingi mno. Wengi walikuwa akina mama wazee, wamekufa nyumbani mchana, wamevaa nguo zao vizuri, wameketi kwenye kiti. Watu wa biashara ya mazishi pia walikuwa wameona. Dereva mmoja wa teksi, ambaye wateja wake wazee walikuwa wanaisha mmoja baada ya mwingine, alikuwa anaandika majina kwenye orodha.

Mwezi wa tatu, daktari mmoja wa hiyo kliniki jirani akapata ujasiri na kumweleza afisa anayechunguza vifo. Polisi wakaanza uchunguzi. Hawakuangalia hata kama Shipman aliwahi kushtakiwa. Hawakuwasiliana na baraza. Ile kesi ya 1976 ilikuwepo kwenye makaratasi, lakini hakuna aliyefungua droo. Mwezi wa nne wakafunga faili. Kati ya hapo na kukamatwa kwake mwezi wa tisa, aliua watu wengine watatu.

Alinaswa na tamaa. Mgonjwa wake wa miaka 81 alikufa ghafla, na wasia ukatokea ukimwachia daktari mali yote. Binti ya yule mama alikuwa wakili. Akaangalia ile karatasi iliyopigwa taipu ovyo, akasema hapana, huyu si mama yangu. Kaburi likafukuliwa, diamofini ikapatikana mwilini, na taipureta ikapatikana kwa daktari.

Sasa sikiza hii. Shipman akakaa rumande zaidi ya mwaka mzima akisubiri kesi ya mauaji, na muda huo wote jina lake likabaki kwenye rejista. Kwa makaratasi, alikuwa bado daktari. Tarehe 31 Januari 2000 akapatikana na hatia ya mauaji 15. Jina lilifutwa mwezi uliofuata.

Kusimamishwa si hukumu

Mwaka huo huo wa 2000 sheria ikabadilishwa na kamati ya amri za muda ikaundwa. Hapa ndipo naona somo kubwa, na ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Amri ya muda haisemi una hatia. Wanaokaa kuiamua hawachunguzi nani anasema ukweli, hiyo kazi itafanywa baadaye. Wanajiuliza kitu kimoja: malalamiko haya yakiwa ya kweli, kuna mtu ataumia tukimwacha daktari aendelee wakati tunachunguza? Jibu likiwa ndiyo, wanaweza kumwekea masharti au kumsimamisha, hadi miezi 18, na lazima amri iangaliwe upya ndani ya miezi 6. Wakitaka kuongeza muda zaidi ya hapo, waende mahakamani.

Unaona tofauti? Korti inaangalia nyuma: ulifanya nini? Amri ya muda inaangalia mbele: ni nani yuko kwenye foleni kesho asubuhi? Tume ya Shipman, iliyoongozwa na jaji Janet Smith, ililiambia baraza waziwazi mwaka 2004 kwamba kwa muda mrefu lilikuwa limeweka maslahi ya madaktari mbele ya usalama wa wagonjwa.

Kwa hivyo dawa ni kusimamisha kila mtu haraka, tumalize? Ngoja kidogo.

Upande wa pili wa kisu

Mwaka 2011, mtoto wa miaka 6 alikufa hospitalini Leicester kwa maambukizi yaliyosambaa kwenye damu. Daktari aliyemhudumia, Hadiza Bawa-Garba, alikuwa anasomea ubingwa na ndio alikuwa ametoka likizo ya uzazi. Siku hiyo alikuwa anaziba mapengo ya wenzake ambao hawakuwepo, kompyuta za majibu ya maabara zilikuwa zimelala, na bosi wake alikuwa mji mwingine. Alifanya makosa, na familia ilipoteza mtoto. Hilo halifutiki.

Mwaka 2015 korti ikampata na hatia ya kuua kwa uzembe mkubwa. Mwaka 2017 jopo la nidhamu likasema asimamishwe miezi 12. GMC yenyewe ikaona adhabu ni ndogo, ikaenda mahakamani, na Januari 2018 jina lake likafutwa. Madaktari wakawaka. Wakafanya kama harambee mtandaoni na kuchanga zaidi ya pauni 300,000 za kumlipia mawakili. Agosti 2018 Mahakama ya Rufaa ikarudisha uamuzi wa kwanza: kusimamishwa, si kufutwa.

Baraza lililowahi kumwandikia Shipman barua sasa lilikuwa linapigania kumfuta daktari aliyechoka kwenye wadi iliyoelemewa. Na kuchunguzwa kwenyewe kuna gharama. Ripoti ya GMC ya 2014 ilihesabu madaktari 28 waliojiua, au kushukiwa kujiua, wakati wakichunguzwa kati ya 2005 na 2013. Hao pia ni watu.

Na hapa ndipo stori inarudi nyumbani. Mapema mwaka huo huo wa 2018, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilimfungua kichwa mgonjwa asiye sahihi. Wagonjwa walikuwa wawili: mmoja alihitaji upasuaji wa kutoa damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine hakuhitaji kisu kabisa. Vitambulisho vikachanganywa. Madaktari waligundua wakiwa ndani ya upasuaji tayari, damu waliyoitafuta haipo.

Hospitali ikawasimamisha kazi daktari aliyekuwa anasomea upasuaji wa ubongo, wauguzi wawili na mtaalamu wa usingizi. Madaktari wenzake wakapinga, wakisema anatolewa kafara wakati mfumo wa kutambua wagonjwa ndio mbovu. Mtandaoni tukagawanyika: afukuzwe, asifukuzwe.

Kwa maoni yangu, wote tulikuwa tunajibu swali la korti, nani ana makosa, kabla ya kujibu lile la usalama. Lile la usalama lilikuwa: kesho asubuhi, mgonjwa anayesukumwa kuelekea chumba cha upasuaji pale yuko salama? Kama hatari ni mikono ya daktari fulani, msimamishe leo. Kama hatari ni kitambulisho kilichofungwa kwa mtu asiye sahihi, unaweza kusimamisha watu wanne na hatari ikabaki palepale wadini, ikingoja zamu inayofuata.

Sasa wewe ufanye nini

Kwanza, tofautisha. Hospitali inaweza kukurudisha nyumbani, lakini haigusi usajili wako. Ukifukuzwa hospitali moja unaweza kuajiriwa nyingine. Anayegusa usajili ni baraza. Kwa madaktari wetu ni KMPDC, ambayo sheria yake ni ya 1977 na iliyobadilishwa jina kutoka bodi kuwa baraza mwaka 2019. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki wana lao. Wote wanaweza kupokea malalamiko ya mtu wa kawaida. Si lazima uwe na wakili, si lazima uwe na mjomba kwa wizara.

Pili, rejista ya madaktari inapatikana mtandaoni. Dakika mbili tu na bando kidogo. Usipoliona jina, uliza maswali kabla hujakunja mkono wa shati.

Tatu, jina likiwepo usilale. Shipman alikuwepo kwenye rejista miaka yote hiyo. Rejista inakuambia mtu alisoma na ameruhusiwa. Yanayotokea ndani ya chumba cha daktari, rejista haiyajui mpaka mtu aseme.

Yule dereva wa teksi alikuwa na orodha yake muda mrefu kabla ya kwenda polisi. Aliogopa. Nani angemwamini dereva dhidi ya daktari anayependwa na mji mzima? Alipoipeleka, ilikuwa Agosti 1998, na ile orodha ilikuwa na majina zaidi ya 20.