Padri Hopkins katika Moshi wa Mji

Wengi hudhani ya kwamba mshairi anayependa uumbaji wa Mungu hana kazi mjini. Heri akae shambani na kuimba habari za ndege na mito. Maisha ya Padri Gerard Manley Hopkins, wa Shirika la Yezu, yatufundisha vingine.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1844. Mwaka 1866 alipokelewa katika Eklezya Katolika na Newman mwenyewe, na mwaka 1868 akaingia utawani. Mwaka ule ule alichoma moto mashairi yake, akidhani hayapatani na wito wake. Akanyamaza miaka saba, hata masista watano Wafransisko walipokufa maji katika meli Deutschland, Desemba 1875. Mkubwa wake alitamani mtu awatungie shairi. Ndipo Hopkins alipoanza tena.

Alipata upadri mwaka 1877, katika nchi ya Wales yenye vilima na hewa safi. Mwaka ule alitunga mashairi mengi ya furaha. Lakini katika mojawapo alisikitika kwamba biashara na viwanda vimeitia nchi uchafu, na kwamba mguu uliovaa kiatu hauusikii tena udongo. Tuangalie vema jambo hili. Lugha yetu yamfahamu Padri huyu: twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi. Kwake sikio, pua, ngozi na unyayo vyote ni milango ya kumjua Muumba. Mji ukiifunga, roho nayo yaona njaa.

Mwisho wa mwaka 1879 alitumwa Liverpool, mji mkubwa wa bandari. Alikuta moshi, ulevi, na maskini waliosongana katika vyumba vibaya. Kazi ilimlemea, na huko alitunga machache. Je, uumbaji ulikuwa umetoweka? Hata kidogo. Aprili 1880 alitunga shairi juu ya Felix Randal, fundi wa kuvika farasi viatu vya chuma, mtu wa mwili mkubwa na nguvu nyingi, aliyevunjwa na ugonjwa. Padri alimpaka mafuta matakatifu, akamtuliza kwa maneno na kwa mkono wake. Pasipo mto wala msitu, mwili wa mgonjwa ulikuwa ndio kazi ya Mungu iliyowekwa mbele yake, naye aliugusa.

Hata ufundi wake ulifuata mwili. Alitaka mashairi yake yasomwe kwa masikio, si kwa macho tu. Alihesabu mapigo ya sauti, wala si idadi ya silabi, kwa sababu ndivyo watu wasemavyo kila siku.

Kuanzia mwaka 1884 alifundisha Kigiriki mjini Dublin, katika huzuni kubwa, na tarehe 8 Juni 1889 alikufa kwa homa ya matumbo. Karibu mashairi yake yote yalikuwa bado hayajapigwa chapa. Rafiki yake Robert Bridges aliyatoa mwaka 1918, na washairi wa Kiingereza waliofuata walijifunza kwake.

Basi sisi tunaokaa mijini tusingoje kurudi kijijini ndipo tumsifu Muumba. Jasho la mpagazi sokoni, kikohozi cha jirani ng'ambo ya ukuta: hayo nayo yataka kusikiwa. Na akisha kusikia, Mkristu ainuke aende kubisha hodi.