Gereji

Gereji ni neno lililopitia Kiingereza kutoka Kifaransa, ambako kitenzi garer ni kuweka chombo mahali salama. Katika Kiswahili maana ya karakana imetangulia: gari likiwa gereji, msikilizaji anajua liko kwa fundi. Mahali pa kulilaza nyumbani huitwa zaidi banda la gari.

Anayejenga nyumbani pa kufufulia gari la kale anahitaji maana zote mbili, na hapo banda halitoshi. Peugeot 404, mshindi wa Safari Rally mwaka 1963 na tena 1966 hadi 1968, ina urefu wa mita 4.4 hivi. Milango ikifunguliwa na fundi akilizunguka, chumba cha mita 6 kwa 4 si anasa. Sakafu iwe ya zege, kwani kwenye udongo jeki huzama na gari likamwangukia aliye chini yake. Shimo la kukagulia lataka tahadhari kubwa zaidi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo, na cheche moja yatosha kuulipua.

Neno limo katika ngeli ya I-ZI: gereji imejengwa, gereji zimejengwa.