Tarehe 31 Septemba 1999: Siku Isiyokuwepo Ambayo Bado Inaamua Ekstenali Yako Inakopi Vipi

Kalenda zote duniani Septemba inaishia 30. Lakini kuna waraka mmoja wa wahandisi wa kompyuta ambao kwenye jalada umeandikwa kabisa: 31 Septemba 1999. Yaani siku ambayo haipo! Waraka ukatoka hivyo hivyo, na mpaka leo flashi na ekstenali kibao zinafanya kazi kwa kufuata kilichoandikwa humo.

Walioandika hawana jina mtaani. Hakuna anayepiga nao selfie. Ila kila ukikaa unaangalia ule mstari wa kijani wa kukopi faili unavyojivuta, basi ujue hao jamaa wamo.

Stori inaanza mwaka 1994. Kompyuta ya enzi zile kwa nyuma ilikuwa na matundu ya kila aina: la printa kivyake, la kibodi kivyake, la mausi kivyake. Mhandisi mmoja wa Intel, mzaliwa wa India, alichoka kuona familia yake ikihangaika kuunganisha printa tu. Kampuni saba zikakaa pamoja, na Januari 1996 USB ya kwanza ikatoka ikiwa na spidi ya megabiti 12 kwa sekunde.

Tundu likapatikana, ila bado kulikuwa na swali. Ukichomeka kifaa cha kuhifadhi faili, kitaongea na kompyuta kwa lugha gani? Ndo hapo waraka wa 1999 ukaja na itifaki inayoitwa Bulk-Only Transport, kwa kifupi BOT.

BOT inafanyaje kazi? Mfikirie muuza chipsi mwenye msimamo. Anachukua oda yako moja, anakaanga, anakukabidhi, anakuambia "tayari", halafu ndo anamsikiliza anayefuata. Hata kama nyuma yako kuna watu kumi, hataki kujua. Kompyuta inatuma oda ya baiti 31, faili linapita, kifaa kinajibu kwa baiti 13 kwamba kimemaliza, ndipo oda nyingine inaanza. Moja moja, hakuna kuchanganya.

Na kwa wakati ule walikuwa sahihi kabisa. Flashi za kwanza zilizoingia sokoni mwaka 2000 zilikuwa na megabaiti 8 tu, na watu walizishangaa kwa sababu disketi ilibeba 1.44. Barabara yenyewe ilikuwa ya polepole, kwa hiyo muuza chipsi hakuchelewesha mtu.

Tatizo ni kwamba barabara ikapanuliwa, muuzaji akabaki yule yule. Aprili 2000 ikaja USB 2.0 yenye megabiti 480. Novemba 2008 ikaja USB 3.0 yenye gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Halafu zikaingia SSD, ambazo zina uwezo wa kushika oda nyingi kwa mpigo. Jiko kubwa, moto mkali, ila oda bado moja moja!

Ndo ikazaliwa itifaki mpya, USB Attached SCSI, yaani UAS (wengine wanaiita UASP). BOT inapitisha kila kitu kwenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. UAS ina njia nne: ya oda, ya majibu, ya data inayoingia na ya data inayotoka. Oda zinapangwa foleni, na iliyoiva kwanza inatoka kwanza. Windows 8 ya mwaka 2012 ikaja nayo tayari ndani. Windows 7 haikuwa nayo.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa. Kijana anaedit video za harusi, anajichanga ananunua SSD kali, halafu anaiweka kwenye kasha la bei chee lililoandikwa "3.0". Ile 3.0 inaelezea upana wa barabara tu, haisemi muuza chipsi ni yupi. Chipu ya kasha na kompyuta, vyote viwili lazima viijue UAS. Kimoja kisipoijua, mzigo unarudi BOT kimya kimya, bila taarifa yoyote kwenye skrini.

Kujua yako inatumia ipi ni dakika moja tu. Kwenye Windows, chomeka ekstenali, fungua Device Manager, angalia chini ya "Storage controllers". Ukikuta "USB Attached SCSI (UAS) Mass Storage Device", uko vizuri. Ukikuta "USB Mass Storage Device" chini ya "Universal Serial Bus controllers", hiyo ni BOT. Kwenye Linux andika lsusb -t. Ikisoma Driver=uas ni mpya, ikisoma usb-storage ni ya zamani. Mwisho wa mstari huo huo utaona spidi: 480M maana yake uko kwenye barabara ya 2.0, 5000M ni ya 3.0.

Ila usikimbilie kutupa flashi yako. Flashi nyingi za kawaida ni BOT na ziko poa tu. Kwa faili moja kubwa tofauti mara nyingi si ya kutisha. Inaonekana zaidi kwenye SSD yenye maelfu ya faili ndogo, kama folda la picha za send-off. Tena kuna makasha ambayo UAS yao ni mbovu, yanakatika katikati ya kukopi. Linux ina orodha ya makasha ya hivyo, na mengine inayarudisha BOT kwa makusudi.

Yaani kizazi kipya kikizingua, anaitwa yule mzee wa 31 Septemba aje kumalizia kazi. Na anaimaliza, oda moja moja.

Ya kwako imesoma nini, UAS au BOT? Dondosha komenti hapo chini.